Nani Alimdai Babu? Mwongozo wa kutafuta ukoo wa watu wa kazi, Mbegani na Bagamoyo

Kabla hujapanda basi kwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, kuomba majalada, angalia mwezi. Siku za bamvua, maji yakitoka mpaka mwambani, kina mama wa Mbegani wako nje na vijiti vyao wakitafuta pweza, na hakuna wa kukusikiliza. Siku za maji mafu ndizo za mazungumzo. Nyavu ziko kivulini zinashonwa, na mzee anayeshona wavu husema mambo ambayo hangeyasema akikutazama usoni. Chukua sukari na majani ya chai, piga hodi, toa shikamoo, kaa. Usiulize ukoo. Uliza kazi.

Nina sababu. Familia za wavuvi, wapagazi, wakwezi wa minazi na vibarua wa mkonge hazikuandikiwa nasaba. Majumbe na masharifu ndio waliotunza orodha za mababu, kwa kuwa orodha ilikuwa na faida kwao. Mtu wa kazi aliandikwa pale tu mwingine alipotaka kitu kwake: kodi, nguvu, roho, deni au shamba. Kwa hiyo shika swali moja tangu mwanzo: nani alimdai babu, na alimdai nini? Ukilijua hilo, unajua ni nani aliyeshika kalamu, na ukimjua mwenye kalamu unajua karatasi iko wapi.

Mwingereza ambaye babu yake alichimba makaa ya mawe ana njia iliyonyooka kuliko yetu. Parokia za kwao ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na tangu 1841 sensa zao zinataja watu kwa majina, nyumba kwa nyumba. Miaka 100 ikipita zinafunguliwa kwa kila mtu; ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Sisi nasi tuna sensa, na watu wengi huanzia hapo wakidhani mambo ni yale yale. Ile ya 1967 ilihesabu watu 12,313,469, na babu yako ni mmoja wao, lakini kitakachosomeka ni hesabu, bila jina lake. Za 1948 na 1957 ni hivyo hivyo. Okoa nauli yako. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, nayo itakufaa kwa wazazi wako, pengine. Kwa babu wa kijijini ni bahati nasibu, maana kwa miongo mingi Mwafrika wa kijijini hakulazimika kusajili mtoto.

Turudi kivulini kwenye nyavu. Uliza alivulia chombo gani, ngalawa au mashua, na kilikuwa cha nani. Mgao ulikwendaje? Nani alikuwa nahodha? Mtu aliyesahau jina la baba wa babu yake anaweza kukumbuka jina la chombo, na jina la chombo linakupeleka kwa mwenye chombo, ambaye familia yake huenda iliweka daftari. Halafu uliza minazi. Pwani yetu ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi iliyo juu yake ya mwingine, kwa hiyo ukiambiwa "hii minazi mitano ni yetu" usiandike tu "shamba letu". Uliza aliyeipanda ni nani, alipewa ruhusa na nani, na kwa nini ni mitano. Uliza pia nani alisimama walii bibi alipoolewa, nani aliosha maiti ya babu, na nani walikuja msibani wakachukua jiko na kufanya utani bila kuulizwa. Mtani hafichi: atakuambia mlikotoka hata kama wenyewe mmeshaamua kusahau.

Tarehe zitakuja kwa majina. Tufani ni ile ya Aprili 1872, iliyoibomoa misheni ya Bagamoyo na kuangusha mikarafuu Unguja. Vita vya Bushiri ni 1888 hadi Desemba 1889, aliponyongwa Pangani. Vita vya Mjerumani, wazee wakisema hivyo tu, mara nyingi ni 1914 hadi 1918, lakini hakikisha, maana wengine wana maana ya Bushiri. Operesheni Vijiji ni miaka ya 1970. Mtego mkubwa ni rupia. Ukisikia "mahari ilikuwa rupia" utataka kuandika kwamba ndoa ilifungwa kabla ya shilingi kuingia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Subiri. Unguja rupia iliendelea hadi 1936, na watu wa ng'ambo hizi mbili walioana siku zote. Isitoshe, wapo wazee walioendelea kuita shilingi mbili "rupia" wakati rupia yenyewe haipo tena. Uliza basi: ndoa ilifungwa upande gani wa maji?

Rekodi kwa simu kama mwenyewe ameridhia, na andika kwenye daftari nani alisema nini, siku gani, na alisikia kwa nani. Usiunganishe maelezo ya watu wawili yakawa hadithi moja tamu. Shangazi akisema babu alitoka Ukwere na mjomba akisema Uzigua, andika yote mawili yakiwa yamegombana vivyo hivyo.

Kisha omba kuona kasha

Kila nyumba ina kasha, au siku hizi begi chini ya kitanda, au bahasha ya kaki ndani ya kabati la vyombo. Humo mna risiti za kodi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, Mwingereza akaendelea na ya nyumba na ya kichwa, na asiye na risiti alikamatwa. Ndiyo maana watu walizihifadhi kuliko hati za ndoa. Risiti moja ya kodi inaweza kukupa jina, mwaka na jumbe au kijiji alichohesabiwa. Mna vipande vya mkonge, kadi za kazi zenye nafasi ya siku 30, kila siku ikitiwa alama mpaka kadi ijae mtu alipwe. Mna kadi ya TANU, ambayo haiwezi kuwa ya kabla ya Julai 1954. Na kuna msahafu. Fungua jalada la mbele na la nyuma taratibu: baba wengi waliandika kuzaliwa kwa watoto wao hapo, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, tarehe ikiwa ya mwaka wa Hijra. Ukiwa huzijui herufi hizo, mwalimu wa madrasa atakusomea katika dakika kumi.

Piga picha ya kila kitu mchana, karibu na dirisha, mbele na nyuma. Kisha rudisha ulipokitoa. Tafadhali usikipeleke kikafanyiwe lamineshini. Nimeona risiti ya kodi iliyodumu zaidi ya miaka 80 ndani ya kasha la mvule, ikaharibika saa moja katika duka la steshenari kwa nia njema ya mjukuu: joto la mashine lilifuta wino, na sasa familia ina kipande cha plastiki chenye karatasi ya manjano ndani.

Jina halikuandikwa unavyoliandika wewe

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ni jambo dogo kabisa. Tahajia yetu ya leo ilisanifiwa miaka ya 1930. Kabla ya hapo kila mwandishi aliandika alivyosikia, kwa sikio la kwao. Tuseme unamtafuta Juma Chande. Mmisionari Mfaransa angemwandika Djouma Tchandé. Karani wa Kijerumani angemwandika Dschuma Tschande. Yusufu kwa Mfaransa ni Youssoufou, kwa Mjerumani Jussufu, na faharasa ikimweka kwenye J wewe utakesha kwenye Y. Uzaramo inakuwa Ouzaramo, Shomari inakuwa Schomari, na z ya Kijerumani ni ya kuogopwa, kwa kuwa wao huisoma "ts", kwa hiyo Zuberi anaweza kujificha chini ya S.

Kabla ya kwenda popote, andika majina yako yote kwa namna hizo tatu kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo utakuokolea siku nzima kwenye meza ya majalada.

Vitabu vya misheni

Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, chini ya Padri Antoine Horner. Walianza na watoto waliokombolewa utumwani, wengine wakinunuliwa sokoni Unguja, wengine wakitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni. Wana vizazi mpaka leo Bagamoyo.

Kwa familia za namna hiyo, vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi ndivyo vinavyokaribia zaidi parokia ya Mwingereza. Vimeandikwa kwa Kilatini, lakini usitishike, maana ni maneno yale yale yanayojirudia. Natus au nata ni alizaliwa. Patrinus ni msimamizi wa kiume, matrina wa kike. Conjux ni mwenzi wa ndoa, obiit ni alifariki. Na kuna maneno mawili utakayoyaona mpaka uyachukie: parentibus ignotis, wazazi hawajulikani. Mtoto wa miaka saba aliyetembezwa kutoka Ziwa Nyasa aliwajua wazazi wake vizuri sana. Ambaye hakuwajua ni mwandishi.

Ukikutana na ukuta huo, soma pembeni. Msimamizi ni nani? Watoto wawili waliobatizwa siku moja wakitajwa kuwa wa kabila moja huenda waliletwa katika msafara mmoja. Na ukingo wa ukurasa una faida yake: tangu 1908 sheria ya Kanisa ilitaka ndoa iandikwe pia pembeni mwa ubatizo wa mhusika, kwa hiyo mstari mmoja wa ubatizo unaweza kukuonyesha alioa nani na wapi.

Mtu akitoweka ghafla kwenye vitabu vya Bagamoyo, usikimbilie kusema alikufa. Wanandoa wa kijiji cha misheni walitumwa bara kuanzisha vituo vipya, Mhonda mwaka 1877 na Mandera 1881. Mtafute huko.

Namna ya kuomba: usiende Jumapili, na usiende na orodha ya watu thelathini. Mwandikie paroko barua fupi, taja jina la ubatizo, mwaka wa kukisia na uhusiano wako na mtu huyo, ukubali kwamba huenda katibu atakutafutia yeye mwenyewe na wewe usiguse kitabu. Vitabu hivyo vina mambo ya watu walio hai pia. Barua na shajara za mapadri wenyewe nyingi zilikwenda Ufaransa, katika hifadhi ya shirika lao Chevilly-Larue, karibu na Paris. Kama una ndugu huko mwenye Kifaransa na subira, hiyo ni kazi yake.

Neno ambalo halisemwi

Ukoo wowote wa watu wa kazi pwani hii, ukirudi vizazi vinne au vitano, una uwezekano mkubwa wa kukutana na utumwa, upande wa mtumwa au wa bwana, na mara nyingi pande zote mbili. Lazima uamue mapema utafanya nini ukifika hapo, kwa sababu bibi yako ameshaamua zamani, na uamuzi wake ni kunyamaza.

Dalili zipo kwenye majina. Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji, Baraka, Songoro, Tofiki: hayo yalipewa watumwa kwa wingi, ingawa si wao peke yao, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa jina. Neno mzalia lilimtaja aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Mjinga alikuwa mgeni aliyeletwa karibuni. Yasikilize yakitoka kwa wazee kwa maana hiyo ya zamani. Na "bin" haikuwa ya baba siku zote. Aliyeachwa huru alibaki na uhusiano wa kisheria na bwana wake, ule ambao Waislamu huuita walaa, na mara nyingine akaitwa kwa jina la huyo bwana. Unaweza ukapanda mti mzima kwa miezi, ukafika kwa mwenye shamba Mwarabu, ukafurahi, na wala si damu yenu. Kinyume chake pia kipo: suria aliyezaa na bwana, mtoto wake alikuwa huru na wa ukoo wa baba, huku ndugu zake wa tumbo moja wakibaki watumwa. Tumbo moja, matawi mawili, na hadi leo wanasalimiana kwa mbali bila kujua kwa nini.

Ukitaka kuielewa dunia hiyo kwa Kiswahili cha watu wenyewe, tafuta Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, jirani na Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Soma sehemu za majina na za utumwa kabla ya kurudi kwa bibi.

Karatasi zenyewe zipo. Utawala wa Kijerumani haukufuta utumwa. Ulitoa hati za uhuru, zaidi ya 50,000 kati ya 1891 na 1912, na kutamka kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo hesabu umri: bibi aliyezaliwa 1900 na aliyezaliwa 1907, ndugu wa mama mmoja, wangeweza kuwa na hadhi mbili. Unguja na Pemba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Amri ya 1897 iliruhusu mtumwa kudai uhuru wake mahakamani na bwana kulipwa fidia, na penye fidia pana orodha. Hizo zitafute Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Familia nyingi za Mbegani zina mguu mmoja huko.

Jinsi ya kuliuliza jambo hili? Mimi huwa natanguliza habari za Sheikh Ramiya, ambazo Bagamoyo hazina siri. Yahya bin Abdallah aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, mtumwa katika nyumba ya liwali Amir bin Sulaiman al-Lamki. Akauza samaki, akanunua minazi, akasoma, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriyya ambaye watu walisafiri kumfuata. Ukilitaja jina hilo kwa heshima, mzee anajua hukuja kumdhalilisha. Baada ya hapo nyamaza. Akibadili mazungumzo, badilika naye. Atarudi mwenyewe, pengine baada ya mwezi, pengine wakati wa kukuaga mlangoni.

Upanga, na shamba

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Nenda na kitambulisho na barua inayoeleza unachotafuta. Mgeni wa kutoka nje ajishughulishe kwanza na kibali cha utafiti cha COSTECH. Majalada ya Kijerumani yameandikwa kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa, kwa hiyo usiombe mengi kwa siku moja. Anza na Kitabu cha Wilaya ya Bagamoyo cha wakati wa Mwingereza. Ni Kiingereza, kina habari za majumbe, makabila na desturi za ardhi, na kitakuambia kijiji chenu kilikuwa chini ya nani; bila jina la jumbe au akida huwezi kujua jalada gani uombe. Halafu uliza mashauri ya mahakama za liwali, ambazo zilikwisha miaka ya 1960. Watu wa kazi walishtakiana sana, Mungu awarehemu: mnazi mmoja, mahari ambayo haikutimia, mirathi ya mashua. Shauri la mirathi linaweza kutaja warithi wote na namna walivyohusiana na marehemu. Ni nasaba iliyoandikwa kwa hasira, na hasira haisahau mtu.

Karatasi mpya zisidharauliwe. Mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Bagamoyo, pale Mbegani na Mlingotini, ulitiwa saini mwaka 2013, na wathamini wakapita wakihesabu nyumba, minazi, miembe na makaburi. Nakala ya fomu ya uthamini ikiwa bado nyumbani, itunze. Familia nyingi zilikaa chini kwa mara ya kwanza kuamua nani hasa ni mrithi wa mti gani, na waliogombana siku ile ndio watakaokupa habari nzuri leo.

Makaburini utapata machache. Nguzo za magofu ya Kaole na kibla cha msikiti wake wa karne ya 13 ni vya wenye mji. Mvuvi alizikwa kwa jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni, bila herufi. Nenda na mtu anayefagia makaburi kabla ya Ramadhani, akuonyeshe safu, maana ndugu huzikwa karibu karibu.

Ukishapata karatasi, rudi kwa uliyeanza naye. Mazungumzo ya pili huzidi ya kwanza, kwa sababu sasa una kitu cha kukosolewa. Mimi nilirudi kwa bibi na picha ya risiti ya kodi ya mwaka 1934: jina la baba yake, la babu yake, kijiji, kila kitu mahali pake. Nilikuwa nimemfuata mtu yule kwa miezi minane, Upanga na Kilimani. Nikamsomea kwa sauti. Bibi akaacha kupepeta mchele.

"Nani kakwambia huyo ni wetu?"

"Jina, bibi. Na la baba yake."

"Huyo ni wa Mlingotini. Waliitana somo na baba. Huyo alilipa kodi." Akarudi kwenye ungo. "Wetu alikuwa akikimbilia mikokoni akimwona akida."